Kaka anataka kupangisha nyumba ya mama Shela, mimi nataka watoto wamalize likizo pale

Somo,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa na nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya mizigo. Nakuandikia kuhusu nyumba ya marehemu mama iliyoko Shela, Lamu. Sijui tena kama ninalolitaka linawezekana au nimeng'ang'ania jambo lililokwisha.

Tulipokuwa wadogo, shule zikifungwa leo, kesho tuko ndani ya basi. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Sisi wanne tulikaa Shela na mama na bibi mpaka shule zikaribie kufunguliwa, pamoja na watoto wa mama mdogo na wa mjomba. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, kisha chuo cha Qurani, kisha pwani mpaka adhuhuri. Tukirudi, mama alitupanga kwenye mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani, kata mkononi, akatumwagia miguuni mmoja mmoja maji ya birika, lile tangi la maji la nyumba. Asiyegeuza unyayo auone hakanyagi mkeka. Jioni tulikaa dakani, kwenye ukumbi wa mlango wa mbele, tukila mabuyu na kusikiliza wazee. Baba alikuja mwisho wa mwezi, akakaa siku chache, akarudi kazini.

Baba alitangulia, na mama akamfuata miaka mitatu iliyopita. Bibi naye hayupo. Kaka yetu mkubwa yuko Nairobi, mdogo wake yuko Doha, na mdogo wetu wa kike ameolewa Malindi. Nyumba inafunguliwa na kufagiwa na mzee mmoja jirani. Likizo iliyopita tulikwenda siku chache tu, na nusu yake ilikwisha njiani. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, alilia tulipopanda boti ya kurudi Mokowe, upande wa bara, na mpaka leo hauishi mwezi hajaniuliza tutarudi lini.

Sasa kaka amepata dalali wa kuiweka nyumba kwenye intaneti wapangishwe wageni, kuanzia shule zinapofungwa mpaka Januari. Anasema nyumba inakula pesa na hakuna anayeikaa. Siwezi kumbishia hapo: boriti za msana wa juu, kile chumba kirefu cha ghorofani, zimeanza kuliwa, chokaa ya ukuta mmoja inamomonyoka, na matengenezo ya mwaka jana aliyalipa yeye mfukoni mwake. Nilipomwambia nataka watoto wetu wapate kukaa pale likizo nzima kama sisi, akanijibu: "Hayo yalikuwa ya wakati wa mama. Siku hizi nani ana nafasi hiyo?"

Mume wangu hakatai, ila anauliza nauli, barabara na likizo zetu za kazini. Binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, anasema Shela hana rafiki hata mmoja. Kina mama wa darasa la yule wa pili nao wanachangishana pesa za mwalimu wa kufundisha wakati wa likizo, na naogopa wangu asije akabaki nyuma.

Somo, je, familia bado inaweza kumaliza likizo nzima kwenye nyumba ya pwani, au nimwachie kaka afanye anavyotaka? Na nikisema sikubali, nitasemaje bila kuvunja undugu? Sisi tumebaki wanne tu.

Mwana wa Shela, Mombasa

—

Mwanangu,

Wa aleikum salaam, na Mola awarehemu wazazi wako.

Watoto wako wanaweza kumaliza likizo Shela. Wewe huwezi, mume wako hawezi, na kaka yako hawezi. Lakini isome tena barua yako. Baba alikuja mwisho wa mwezi, akakaa siku chache, akarudi bandarini. Kwa hiyo hata wakati huo wakubwa wote hawakuwa na nafasi. Watoto ndio waliomaliza likizo, na kulikuwa na wanawake wawili ndani ya nyumba waliowabeba. Kaka yako anapouliza nani ana nafasi hiyo siku hizi, jibu ni kwamba aliyekuwa nayo ni mama yenu, na sasa hayupo. Hapo ndipo penye kazi, kuliko nauli na kuliko boriti.

Wewe unaikumbuka kata ya maji miguuni. Mama aliishika kata ile akiwa ameamka alfajiri kukanda unga, ameshafua, ameshapika, na bado samaki wa jioni wanamngoja kuparwa. Sisemi hivi kumpunguzia heshima. Nasema ili kazi yake ihesabiwe, maana isipohesabiwa itakuangukia wewe na mdogo wako wa Malindi, kwa kuwa nyinyi ndio wanawake, na kina kaka watafika kula biriani na kupunga upepo dakani. Nimeona familia nzuri zikigombana kwa jambo hili hili. Mwaka wa kwanza dada anapika kwa furaha, mwaka wa pili anapika kimya, mwaka wa tatu anasema mtoto anaumwa, haji. Nyumba ikafungwa, na watu wakasema dunia imebadilika.

Kwa hiyo wekeni zamu za wakubwa, na watoto wabaki. Kila nyumba iwe na zamu yake, na mwenye zamu ndiye mwenye nyumba kwa siku hizo. Kaka yako ikifika zamu yake, yeye ndiye atakayepanda boti kwenda sokoni Lamu mjini, ndiye atakayejua gesi imebaki kiasi gani, ndiye atakayemwosha kidonda mtoto aliyejikata kwenye mwamba, na ndiye atakayehesabu vichwa magharibi ikiingia. Mke wake asitumwe peke yake kumwakilisha. Kisha mtafuteni mama mmoja wa pale pale Shela, mtu mnayemjua kwao, awasaidie kupika na kufua, na mumlipe mshahara wa haki, mliokubaliana kabla. Msimwachie watoto peke yake mkaenda zenu. Huyo ni msaidizi, na mtu mzima wa damu yenu awe ndani ya nyumba kila usiku.

Siku za likizo za kazini zinatosha kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mwajiriwa siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12. Na likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe wiki mbili mfululizo, isipokuwa mmeafikiana vingine na mwajiri. Wewe una wiki zako mbili, mume wako ana zake, kaka na mkewe wana zao, na wa Malindi yuko karibu kuliko nyote. Yule wa Doha msimpangie, akijaliwa kuja ni heri. Ukizigawa hivyo, Novemba nzima na nusu ya Disemba zinajaa. Nawe ziombe zako za Novemba. Disemba kila mtu ofisini anazitaka, na mhasibu akiondoka wakati wa kufunga hesabu za mwaka ataandamwa kwa simu mpaka baharini.

Sasa tazama kalenda, kwa sababu naamini ugomvi wako na kaka ni mdogo kuliko unavyoonekana. Watoto wetu wana likizo tatu. Ile ya Aprili inaangukia masika, mvua kubwa na kila kitu kimelowa. Ya Agosti ni ya kusi, upepo wa kusini, bahari imechafuka na upepo wa pwani ya Shela unakujaza mchanga machoni, na zaidi ya hapo ni fupi. Inayobaki ni ya mwisho wa mwaka. Miaka ya corona iliivuruga, mihula ikabanwa ili kufidia muda uliopotea shule zilipofungwa mwaka 2020, na nadhani wazazi wengi walipoteza mazoea ya kwenda kwao wakati ule. Lakini tangu Januari 2023 kalenda imerudi ilivyokuwa. Madarasa mengi yanafunga mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba na kufungua Januari. Hizo ni wiki tisa au kumi, na zinaanza katika tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika, bahari imetulia hata mtoto wa miaka saba anaweza kufunzwa kuogelea. Mvua za vuli zitawanyeshea, ndiyo. Watoto hawajali mvua za vuli.

Wageni wa kaka yako nao wanataka wiki zipi? Wanataka Krismasi na mwaka mpya. Hapo ndipo Shela inapojaa na pesa inapokuwa nzuri. Ukimwuliza dalali kwa ukweli atakwambia kwamba mwanzoni mwa Novemba hapati mtu wa bei hiyo. Basi mwambie kaka: watoto wakae tangu shule zifungwe mpaka katikati ya Disemba, halafu nyumba isafishwe, wageni waingie hadi wiki ya kwanza ya Januari. Krismasi kwenu si sikukuu, hampotezi kitu. Idi na Maulidi ndizo zenu, na miezi ya Kiislamu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hizo zitazameni kila mwaka zitaangukia wapi, mziweke kando kabla ya dalali hajaandika jina la mtu. Miaka hii inayokuja Maulidi ya Lamu yanasogea kuelekea likizo ya Agosti. Hao watoto wako wataona mbio za punda na mashindano ya mashua, na wataingia msikiti wa Riyadha usiku wa kusomwa Maulidi. Kwa ajili hiyo, upepo wa kusi unavumilika.

Kaka yako usimwone mtu mbaya. Amelipia matengenezo peke yake, na hilo linampa haki ya kusikilizwa. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari la boriti za mikoko, haiwezi kufungwa miezi kumi ikabaki salama. Inataka madirisha yafunguliwe, birika lisafishwe na chokaa ipakwe. Mkitengeneza, fundi asiwadanganye na saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda inabanduka na jiwe lake. Pesa ya wageni iingie kwanza kwenye akaunti ya nyumba, imrudishie kaka alichotoa kwa risiti, ilipe matengenezo na yule mzee anayefagia, na itakayobaki igawanywe. Dalali naye awe na karatasi: leseni ya mamlaka ya utalii na ya kaunti, na kodi ya serikali ijulikane nani anailipa. Vyombo vya mama, picha na misahafu vifungiwe chumba cha ndani, ufunguo ubaki kwenu. Mgeni hana haja na vile vya kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani.

Lakini kuna swali ambalo hukuligusa, nami sitalipita. Nyumba hii mmesharithishana? Nasikia "nyumba ya marehemu mama", nasikia "kaka amepata dalali", sisikii mirathi. Ikiwa warithi ni nyinyi wanne tu, kwa sheria yetu nyumba ni mafungu sita: kila kaka mawili, kila dada moja. Kaka mkubwa ana mafungu mawili. Hana sita. Hawezi kuipangisha bila idhini yenu, nawe huwezi kuizuia kana kwamba ni yako. Huko Lamu pia ilikuwa desturi ya wenye nyumba za mawe kumpa binti nyumba anapoolewa, kwa hiyo waulizeni wazee kama mama au bibi alishatoa hiba kwa mmoja wenu mbele ya mashahidi. Nendeni kwa kadhi pamoja, muandikiwe. Mkiona mnakubaliana, mnaweza hata kuiweka wakfu wa kizazi, isiuzwe, wanufaike nayo watoto na wajukuu. Shela imeuza nyumba nyingi kwa watu wa Ulaya, na mara nyingi chanzo hakikuwa njaa. Ni ndugu walioshindwa kukaa kitako mapema, mpaka wakawa ishirini, nusu yao hawajuani, na aliyetoa bei akapata.

Hilo la nyumba kuuzwa linamgusa binti yako pia. Anasema hana rafiki Shela, na anasema kweli. Wewe ulikuwa nao kwa sababu nyumba za jirani zilikuwa na watoto wa likizo kama nyinyi, na watoto wa mama mdogo na wa mjomba walilala chumba kimoja nanyi. Leo nyumba nyingi za mtaa ule zina wageni wanaobadilika kila wiki. Mtoto wa miaka kumi na sita ukimweka hapo peke yake na wadogo zake atakonda kwa upweke. Kwa hiyo usiwapeleke wako watatu tu. Wapigie simu mabinamu zako, wale wale mliokula mabuyu pamoja, waulize kama wana watoto wa kuleta, wachangie chakula na zamu. Binti mruhusu aje na rafiki yake mmoja wa Mombasa kwa wiki mbili. Na asipotaka kukaa muda wote, arudi na baba yake zamu ikiisha. Atakapofika kidato cha nne mtihani utaingia Novemba, mwaka huo hatakwenda, na msimlazimishe wala msiwanyime wadogo zake kwa ajili yake.

Kuhusu mwalimu wa likizo, usichange. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo waziwazi, na watoto wetu wamechoka. Huyo wa miaka kumi na miwili mpeleke Matondoni siku moja aone mafundi wanavyounda jahazi, ubao kwa ubao. Amwulize fundi anapimaje mbavu bila mchoro. Apande vilima vya mchanga vya Shela aelezwe kwamba maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya mchanga ule, ndiyo maana watu wanagombana na wajenzi juu yake. Hatabaki nyuma ya mtu. Na chuo cha Qurani bado kipo, asubuhi yake itakuwa na utaratibu.

Safari mwambie mume wako hivi. Barabara ya Garsen mpaka Mokowe ni ya lami sasa, si ile ya kutikisika siku nzima, ingawa mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata, kwa hiyo vuli ikiwa kali sikilizeni habari kabla ya kukata tiketi. Vizuizi vya polisi vipo, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 kuna nyakati mabasi hutakiwa kusindikizwa. Panda basi la mchana la kampuni inayofuata taratibu. Laleni Malindi kwa mdogo wako, watoto waoge, wale chakula, mwendelee asubuhi. Mkiondoka mwanzoni mwa Novemba, nauli hazijapandishwa kwa ajili ya Krismasi. Mokowe msivuke usiku, na asiyepewa jaketi okozi asipande boti hiyo, hata kama nahodha anacheka.

Kwa kaka, usimtumie ujumbe kwenye kundi la familia. Mambo ya nyumba ya mama hayazungumzwi mbele ya mashemeji kumi na wawili. Mpigie yeye kwanza, mshukuru kwa matengenezo, na umshukuru kabla ya kumwomba lolote. Kisha mwambie: "Kaka, sikatai wageni. Naomba Novemba na nusu ya Disemba ziwe za watoto, wako na wangu, na nitachukua zamu ya kwanza mimi. Wewe unachukua ipi?" Umwachie achague. Akishachagua wiki zake, ndipo umwingizie na swali la kadhi.

Na umpigie wiki hii, kabla dalali hajapokea amana ya mgeni wa Novemba.

Somo